Jinsi ya Kuwa Dairekta Mkubwa Horohoro kwa Wikiendi Moja

Kwanza, hongera. Simu yenye kamera tatu mgongoni umeshainunua, jina la dairekta umeshalibandika WhatsApp, na mama umeshamwambia kwamba msimu huu asikutegemee shambani. Kazi kubwa ya sinema hapo imekwisha. Yaliyobaki ni mambo madogo madogo: mwanga, sauti, fremu, lenzi, uhariri na, muda ukiruhusu, hadithi.

Mama akihoji kama kuna mtu aliyewahi kufika popote kwa kuigiza, mjibu kwa adabu kwamba Rashidi Kawawa aliigiza Muhogo Mchungu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Januari 1962 akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Usimwambie kwamba hapo katikati kulikuwa na vyama vya wafanyakazi, TANU na kazi ya miaka. Katika sinema kipande cha namna hiyo hukatwa.

TAFUTA LOKESHENI YA MBALI

Wenzako wa Dar es Salaam wanahangaika kukodi majumba ya Mbezi yenye ngazi za kuzunguka na sofa nyeupe. Wewe umezaliwa ndani ya lokesheni. Lami inatoka Tanga mjini, inakata Mkinga kilomita 65 hivi, inakuja kuishia mlangoni pako. Malori yamepanga foleni, utingo wamelala chini ya matela, mawakala wa forodha wanakimbizana na mafaili kwapani, wabadilisha fedha wanahesabu noti za nchi mbili huku macho yako kwa mteja anayefuata. Ng'ambo ni Lunga Lunga, alikoolewa shangazi yako. Mdigo wa huku na Mdigo wa kule wanaulizana hali za watoto kwa lugha ile ile, kisha mmoja anaingiza mkono mfukoni kutafuta kitambulisho. Kuagana, kungoja, kudanganya, kuvuka, kurudishwa: mambo ambayo mwandishi wa filamu hulipwa ayabuni, wewe unayapita ukienda kununua mkate.

Kwa hiyo fuata desturi ya wasanii chipukizi. Yaache yote hayo, ukatengeneze filamu ya tajiri wa Masaki anayegombea urithi wa kampuni. Suti utaazima. Shamba la minazi nalo litakuwa Masaki, ilimradi fremu uibane usionekane mnazi hata mmoja.

Ukiwa mbishi, ukang'ang'ania kupiga mpaka wenyewe, jiandae na mazungumzo haya:

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Hiyo unayopiga ni nini?"

"Sinema, afande. Ya mapenzi."

"Mapenzi na lango la forodha wapi na wapi?"

"Mchumba yuko Lunga Lunga, afande."

"Sawa. Kibali kiko wapi?"

Hapa kejeli naiweka pembeni kidogo. Kituo cha mpaka ni eneo la ulinzi, na simu iliyoinuliwa kuelekea huko bila ruhusa inaweza kukufanya uimalize filamu yako kwa maelezo ya maandishi. Kibali cha kutengeneza filamu kina mwenyewe, Bodi ya Filamu, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1976. Ruhusa ya kuingia na kamera kituoni ni ombi jingine, kwa watu wengine. Droni inataka vibali vya kwake, na uzuri wa droni ni kwamba upepo wa kusi haujui Tanzania inaishia wapi. Ikidondoka ng'ambo utakwenda kuieleza kwa serikali mbili badala ya moja.

Na lango hulihitaji hata. Chukua benchi, kamba iliyofungwa kwenye nguzo mbili, mkoba wa safari, mkono unaogonga muhuri kwenye karatasi, na sauti ya lori linalokanyaga breki za upepo mahali tusipopaona. Mpaka umeshapatikana. Mtazamaji atalijenga lango mwenyewe kichwani, tena kubwa kuliko lile la serikali, na hatakudai hata senti.

PITISHA KILA MZIGO

Fremu ya kamera ni forodha. Kazi yake ni kukagua na kukataa: hiki kiingie, hiki kibaki nje. Lakini dairekta chipukizi ana moyo mkunjufu. Huchungulii fremu yake ukakosa kitu. Mwanaidi, mwigizaji wako, amesimama katikati analia, kwa sababu Hamisi wa Lunga Lunga hapokei simu. Nyuma yake kuna kamba ya nguo, na zile zilizoanikwa si za kuonyesha wageni. Kulia bango la wakala wa pesa. Kushoto mtoto anaipungia kamera mkono. Na nyuma kabisa, mbuzi kapanda juu ya tuta la mchanga.

Nani atamtazama Mwanaidi?

Kuna kisa cha enzi za ukoloni ambacho wasomi wa Ulaya walipenda kukisimulia, na Marshall McLuhan akakiingiza katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji fulani wa Afrika walionyeshwa filamu ya kufundisha usafi. Walipoulizwa wameona nini, wakajibu: kuku. Waliotengeneza filamu hawakujua hata kama ina kuku. Wakairudia polepole, na kweli, kuku alikatiza pembeni kwa kama sekunde moja. Likatolewa fundisho zito kwamba Mwafrika hajui kutazama picha. Mimi nasoma kisa hicho hicho naona watu walioona vizuri kuliko aliyeshika kamera. Kuku alikuwa na haraka, yule wa usafi hakuwa nayo. Kilichotembea ndicho kilichotazamwa. Kosa ni la forodha iliyompitisha kuku.

Basi kabla hujabonyeza kitufe chekundu, zunguka kwa jicho kingo nne za fremu. Kisichofanya kazi, kitoe. Kisichotoka, sogea wewe. Washa ile mistari ya gridi iliyomo ndani ya kila simu. Inagawa fremu mafungu matatu kwa wima na matatu kwa ulalo. Macho ya Mwanaidi yaweke karibu na mstari wa juu, na nafasi tupu iache upande anaotazama, ili huzuni yake ipate pa kwenda. Ukitaka aonekane amebanwa, igeuze: uso ukingoni, nafasi yote iwe kisogoni. Na simu ilaze. Ukiisimamisha umetengeneza video ya kuuzia madera.

Ukitaka kumwona kwa karibu, usivute kwa vidole viwili. Zumu ya vidole, ukishazipita lenzi za simu yenyewe, hukata tu picha na kuitanua, na uso unajaa chenga. Tembea. Ila usimkaribie na ile lenzi pana. Ukiiweka sentimita thelathini kutoka usoni, pua itatangulia na masikio yatachelewa. Rudi nyuma hatua nne, tumia lenzi inayovuta mara mbili, na Mwanaidi atabaki na pua aliyojaliwa.

Picha ya karibu sana ni dawa kali, inywe kwa kipimo. Amri Athumani, yule mtu wa Tanga aliyetuacha Agosti 2018 na ambaye tulimwita King Majuto, alichekesha kwa bega, kwa kiuno, kwa namna ya kusimama mbele ya mtu anayemdai. Ukimkata shingoni umebaki na nusu ya mzaha. Kichekesho kipe mwili mzima. Machozi yape uso. Na mahali penyewe, mpaka, foleni, vumbi, pape picha ya mbali ambayo binadamu ndani yake ni mdogo. Dairekta mkubwa wa wikiendi hupiga vyote vitatu kwa umbali ule ule, wa kifuani, kwa sababu pale ndipo aliposimama.

VUKA MSTARI KADIRI UPENDAVYO

Sasa tuseme Hamisi amekuja. Wako kwenye benchi, uso kwa uso. Chora mstari wa mawazo kutoka pua ya mmoja hadi pua ya mwingine. Huo ndio mpaka, na kamera yako ina uraia wa upande mmoja tu. Ukiwapiga wote kutoka upande huo, Mwanaidi atatazama kulia, Hamisi kushoto, na mtazamaji ataelewa wanatazamana. Ukichoka ukazunguka nyuma ya benchi, ukampiga Hamisi kutoka huko, naye atatazama kulia. Ukizibandika picha hizo mbili pamoja, hakuna anayemtazama mwenziwe. Wote wawili wanasubiri basi la Mombasa.

Hayo ni magendo, na umepitia njia ya panya. Lakini wapo wanaovuka kihalali. Kamera ikitembea mtazamaji akiiona inavuka, hapotei. Mwigizaji akiinuka na kubadili mahali, mstari umehama naye. Au simama juu ya mstari wenyewe, mwigizaji akitazama karibu na lenzi, kisha toka upande wa pili. Horohoro inalijua jambo hilo tangu lilipokuja jengo la kituo cha pamoja: anayekwenda Kenya anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, upande anaoingia, na anatoka mlango wa mbele akijua yuko nchi gani. Mtazamaji naye hadai zaidi ya hapo.

Kanuni hiyo hiyo inatawala malori. Lori la machungwa ya Muheza likienda Kenya kutoka kushoto kwenda kulia, liendelee hivyo hadi lifike. Ukilipiga kipande cha pili kutoka ng'ambo ya barabara, litaonekana linarudi. Na hapa kwetu, lori likionekana linarudi, ukumbi mzima utajua sababu: karatasi hazikutimia. Umeanzisha hadithi ambayo huna pesa ya kuimaliza.

NGOJA MACHWEO BAHARINI

Kila dairekta mpya anataka jua likizama majini. Panda bodaboda hadi Jasini au Moa, simama ufukweni saa kumi na mbili jioni, ungoje. Utangoja sana. Bahari yetu iko mashariki. Jua hapa hutoka majini asubuhi, na jioni huzama kisogoni pako, upande wa Usambara. Machweo ya baharini ni mali ya watu wa Forodhani, Unguja, wao wanatazama magharibi. Ukitaka jua na maji katika fremu moja, amka alfajiri uyapige mawio, kisha kwenye uhariri uyaite machweo. Mtu wa Dodoma atakuamini. Mtu wa pwani atawaona wavuvi wanarudi na samaki wa usiku nyuma ya wapenzi wako, na atakucheka hadi mwisho wa filamu.

Tena uwahi. Tuko karibu na ikweta, nyuzi nne na nusu hivi kusini yake, na jua la huku hupanda na kushuka wima. Mwanga laini wa dhahabu wanaousifu Wazungu katika vitabu vyao, ambao kwao hukaa jioni nzima ya kiangazi, kwetu ni nusu saa ikizidi. Humo ndani toa dakika kumi ambazo mwigizaji mkuu alikuwa anatafuta chaja.

Ndiyo maana wengi hupiga saa sita mchana: ndipo waigizaji wote wamepatikana. Machi na Oktoba jua hufika utosini kabisa. Macho yanakuwa mashimo mawili meusi, pua inaangusha kivuli mdomoni, na Mwanaidi anaonekana anakula kitu cheusi. Mpeleke chini ya mwembe. Watoto wawili washike shuka jeupe mbele yake, chini kidogo ya kidevu, mwanga urudi juu usoni. Shuka ni bure na watoto wako tele, lipia soda.

Kisha kuna suala la kanzu. Kamera haioni, inapiga hesabu. Inajumlisha mwanga wote uliomo kwenye fremu na kutafuta wastani wake, na wastani inaoupenda ni kijivu. Mzee mweusi, mwenye kanzu nyeupe, mbele ya ukuta wa chokaa, saa nne asubuhi: kamera inaogopa ule weupe wote, inapunguza mwanga, na baba wa bibi harusi anakuwa kivuli kilichovaa kofia. Usimlaumu mzee. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, shikilia kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha teremsha mwanga kidogo kidogo hadi nyuzi za kanzu zirudi. Bora zaidi, muondoe kwenye chokaa, muweke mbele ya mlango wa mbao au kivuli cha baraza, uso wake usishindanishwe na ukuta.

Na kama umewahi kujiuliza kwa nini picha za zamani za shuleni zilimtoa mtoto mweusi macho na meno tu, jibu halikuwa usoni kwake. Kwa miongo mingi maabara zilipima rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Watu waliofanya kazi Kodak walisimulia baadaye kwamba msukumo mkubwa wa kuirekebisha filamu, miaka ya 1970, ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao za hudhurungi hazitofautiani pichani. Chokoleti ilisikilizwa.

Namba ni tatu, na usiogope. Tundu la lenzi lina namba zilizowekwa kinyumenyume: 2 ni tundu kubwa linaloingiza mwanga mwingi, 16 ni dogo. Kwenye simu nyingi tundu halibadiliki, kwa hiyo unaweza kulizungumzia mbele za watu kwa kujiamini kabisa. ISO ni jinsi kamera inavyoongeza nguvu gizani. Ipandishe na chenga zitapanda nayo. Ya tatu ni shata, yaani muda ambao kila picha moja inapokea mwanga, na hii ndiyo ya kuhangaikia.

Sinema ni picha za kusimama zinazopita haraka. Tangu sauti ilipoingia kwenye filamu mwishoni mwa miaka ya 1920, dunia ilikubaliana juu ya picha 24 kwa sekunde. Televisheni za kwetu zikachukua 25. Simu yako imetoka dukani na 30. Chagua 25, na shata iwe nusu ya muda wa kila picha, yaani sehemu moja ya 50 ya sekunde. Mwendo utakuwa laini, na mkono unaopunga utaacha ukungu kidogo, ambao jicho limeshauzoea. Faida ya pili iko madukani. Umeme wetu, na wa Kenya pia, huzunguka mara 50 kwa sekunde, na taa za mirija huwaka na kufifia kwa kuufuata. Ukiiacha simu ijiamulie shata ya 60, mistari ya giza itatambaa ukutani nyuma ya muuza duka. Kwa kuwa sisi ni watu wa Tanga, usiharakishe kubadili filamu iwe ya majini. Rudi kwenye 50.

SAUTI HAIONEKANI, IACHE

Mtazamaji husamehe picha mbaya. Sauti mbaya haisamehe, anatoka nje kuvuta hewa. Habari hiyo usimpe mtu. Wewe simamisha simu mita tano kutoka kwa waigizaji, upepo ukitoka baharini, jenereta la jirani likinguruma, na Hamisi akinong'ona kwamba hakukusudia kuondoka. Watu watasikia jenereta likimwomba Mwanaidi msamaha.

Kama una moyo wa huruma, azima simu ya pili, iweke mfuko wa shati la Hamisi ikirekodi sauti tu. Kabla hajaanza kusema, piga kofi moja mbele ya kamera. Kwenye uhariri utatafuta picha ambayo viganja vinakutana, na mlio wake kwenye sauti. Vilinganishe, kazi imekwisha. Kile kibao cheusi na cheupe cha klapa ni kofi la watu wenye bajeti. Mwishoni mwa kila lokesheni, wanyamazishe wote, urekodi nusu dakika ya mahali penyewe pakiwa kimya: minazi, mbu, lori la mbali. Utazibia mapengo. Muda wa adhana uujue mapema na uuheshimu, usije ukamwambia muadhini arudie.

Shida hii ya mdomo na sauti, kwa taarifa yako, ina historia ndefu mkoani kwetu kuliko utakavyodhani. Kule Vugiri, juu ya milima ya Usambara, wilaya ya Korogwe, kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa majaribio wa filamu kwa ajili ya Waafrika. Fedha zilitoka mfuko wa Carnegie wa New York, wenye mradi walikuwa wamisionari, na walioshika usukani ni Meja Notcutt na mwenzake Latham. Zilitengenezwa filamu kama 35, za milimita 16, na waigizaji wenyeji: filamu ya kodi, ya benki ya akiba ya posta, ya malaria ya watoto wachanga. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilirekodiwa kwenye santuri, kwa lugha mbalimbali, ikapigwa pembeni huku picha ikienda, na lori likavizungusha vyote hivyo vijijini, hadi Kenya, Uganda na nchi za kusini. Sindano ikiruka, mdomo uko kwenye kodi na sauti imeshafika benki. Kwa hiyo ukikosea, sema unaenzi urithi.

USIKOSE GETI

Tumefika kwenye nguzo ya sinema yetu. Gari linakuja. Honi. Mlinzi anatoka, anachungulia. Geti linafunguliwa, upande mmoja, kisha wa pili. Gari linaingia, linaegeshwa, linarudi nyuma kidogo, linaegeshwa vizuri. Mlango. Kiatu. Mwenye kiatu anapanda ngazi, anabisha hodi, anakaribishwa, anaketi, anaulizwa atakunywa nini, anasema maji. Maji yanaletwa na dada wa kazi aliyevaa gauni jipya. Anakunywa. Ndipo anasema: "Baba amefariki."

Dakika nne. Marehemu ameshazikwa.

Ninaye mtu wa kumpa hati ya geti hilo, ingawa hakuwahi kuliona. William Sellers aliongoza Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa London mwaka 1939, na alishikilia kwamba filamu za kumwonyesha Mwafrika wa kijijini ziende taratibu, tukio lifuate tukio bila kuruka, pasiwe na ujanja wa kamera wala mikato ya ghafla, maana mtazamaji atapotea. Masharti hayo yalikuwa yanaandikwa ofisini wakati watu wa pwani hii wanapanga foleni nje ya Majestic pale Tanga mjini na kumbi nyingine za mwambao. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ni filamu ya karibu saa tatu, kwa Kihindi, inaanzia mahakamani, inarudi nyuma miaka, inaingia ndotoni na kutoka. Waswahili waliifuata, wakalia mahali pa kulia, wakarudi kesho yake na wake zao. Hakuna aliyeuliza geti liko wapi.

Na watoto wao, na wajukuu, wamekulia kwenye vibanda umiza, wakitazama filamu ya Kichina iliyotafsiriwa na sauti ya Lufufu, au ya Kihindi ikisimuliwa na DJ Afro wa Kenya, huku msimulizi akiongeza majina ya mitaa, utani na ushauri kwa adui. Mtu aliyezoea kufuata hadithi mbili kwa mpigo, ya kwenye kioo na ya msimulizi, unamwekea sekunde arobaini za mlinzi anatafuta funguo?

Kwa hiyo kata. Ingia kwenye tukio likiwa limeshaanza, toka kabla halijapoa. Maji glasini, "Baba amefariki", glasi mezani. Basi.

Ukiogopa kwamba Mwanaidi hawezi kuigiza majonzi, na kwa kweli hawezi, kuna fundi mmoja Mrusi, Lev Kuleshov, karibu na mwaka 1920, aliyechukua uso wa mwigizaji Mozzhukhin ukiwa umetulia tu, akaubandika mara na bakuli la supu, mara na jeneza, mara na mwanamke. Inasemekana watazamaji walisifu jinsi jamaa alivyoonyesha njaa, msiba na matamanio. Uso ulikuwa ule ule. Basi mwambie Mwanaidi asifanye chochote. Atazame tu kulia, ahesabu moyoni mpaka kumi. Piga benchi tupu. Piga simu isiyolia. Rudi kwenye uso. Jirani zake watasema ametoa kipaji wapi, na ukumbi utakuwa umefanya kazi yote wakati yeye alikuwa amefika saba.

ONYESHO

Kodi kibanda usiku ambao hakuna mpira wa Uingereza. Ukishindana na Arsenal, utatazama filamu na mwenye kibanda. Kaa nyuma, usikae mbele. Mbele utaona filamu yako, ambayo unaijua. Nyuma utaona vichwa. Vichwa vikiinama kwenye simu, andika dakika. Mtu akimgeukia mwenziwe kuuliza "Huyu ni nani tena?", andika dakika, pengine hapo ndipo ulipopita njia ya panya. Wakicheka mahali pa kulia, usiwazuie, andika na hapo pia. Kuna mzee mmoja atasimulia kwa sauti yote yanayokuja kabla hayajafika. Usimnyamazishe, akipatia mara tatu mfululizo, hivyo vipande vitatu kesho vifute.

Ukiishiwa mwisho, malizia pale Hamisi anapofungua mdomo kusema ukweli, na uandike Sehemu ya Pili. Usahihi wa tafsiri ya Kiingereza chini ya picha usikusumbue. Ni burudani inayojitegemea, na wapo wanaokuja kwa ajili yake tu.

Majina ya shukrani yaweke mwisho kabisa, yapite polepole, kwa herufi kubwa. Mjomba aliyekuazima gari uliloambiwa ulikate pale getini atakuwa bado ameketi, taa zimeshawashwa, anatafuta jina lake. Hakikisha umeliandika bila kukosea, na umsogelee kabla hajauliza gari lake limekwenda wapi.